Aliyekupa Uhai, Utamlipa Nini?



Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya deni. Deni la dukani na la chama cha akiba na mikopo mnalijua, maana kila mwisho wa mwezi mnakumbushwa. Lakini liko deni jingine ambalo mtu hawezi kulimaliza hata akiuza shamba lake lote, nalo ni deni la kupewa uhai na mwanadamu mwenzako. Mtu akikutolea figo, au damu yake ikakurudisha kutoka mlangoni mwa kaburi, je, unadaiwa nini? Na deni hilo likiingia nyumbani, mume na mke walibebeje?

Tuchukue mfano. Wewe baba, jiweke ndani yake, na wewe mama vilevile.

Wewe ni mtu wa Nyeri, tuseme upande wa Othaya, na mkeo ni binti wa Meru, kutoka Nkubu. Figo zako zilikufa. Kwa muda wa miaka miwili ulikuwa ukiunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Ng'ombe waliuzwa, watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mkeo alijifunza kulala akiwa ameketi kwenye kiti. Ndugu zako walipimwa, huyu akawa na shinikizo la damu, yule kundi la damu likakataa. Mwisho shemeji yako, kaka yake mkeo, akasema: "Mimi nipimeni." Akapimwa, akafaa, akatoa figo yake moja. Leo ni miaka miwili. Unakula, unalima, unakwenda Misa kwa miguu yako mwenyewe.

Jioni moja mkeo anasema, "Baba watoto, lini tutakwenda Nkubu kumwona kaka?"

Nawe unajibu, "Ngoja kwanza tulipe madeni, Mama. Siwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu kama huyo. Tukipata kitu cha maana tutakwenda."

Ndipo mkeo anapokutazama na kusema, "Na hicho kitu cha maana, kinauzwa duka gani?"

Wapendwa, swali la mama huyu ndilo somo letu la leo.

Njia tatu za kukosea

Mtu aliyepewa zawadi kubwa kuliko uwezo wake hujaribiwa kufuata mojawapo ya njia tatu, na zote tatu humpeleka pabaya.

Njia ya kwanza ni kutaka kulipa. Anajiambia, "Nitampa ng'ombe wawili, nitamsomeshea mtoto, halafu tutakuwa sawa." Kumsaidia aliyekusaidia ni jambo jema sana. Kosa limo katika maneno yale mawili, "tutakuwa sawa". Je, figo ni ng'ombe wangapi? Ukipanga bei, umeigeuza zawadi ya shemeji yako kuwa bidhaa ya sokoni, na mwenyewe umemgeuza kuwa muuzaji. Yeye hakuuza kitu.

Njia ya pili ni kukimbia. Hii ndiyo ya watu wengi, nao mara nyingi ni watu wema. Hakimbii kwa sababu ya utovu wa shukrani. Anakimbia kwa aibu. Kila akimwona yule aliyempa uhai, anajiona mdogo. Basi anaahirisha. Mwaka wa kwanza anapiga simu Krismasi na Pasaka, mwaka wa pili anapiga Krismasi tu. Mwaka wa tatu anaona haya kupiga kwa sababu hajapiga kwa muda mrefu. Huko Nkubu, yule aliyetoa anajiuliza, "Kwani nilimkosea nini?" Hivyo undugu unakufa kwa aibu, ingawa hakuna aliyegombana na mwenzake.

Njia ya tatu ni kujifanya mtumwa. Anakubali kila neno la aliyempa. Shemeji akitaka kipande cha shamba, sawa. Akitaka kumwamulia watoto wake shule, sawa. Mke naye anaanza kusikia nyumbani mwake sauti ya kaka yake kuliko ya mumewe. Hiyo si shukrani, wapendwa. Zawadi iliyotolewa ili kumtawala mtu inakuwa kamba shingoni, na anayekubali kufungwa nayo humsaidia mtoaji kutenda dhambi.

Mahari hayaishi

Sasa tutafute njia iliyo sawa, na hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Wazee wetu wa Nyeri na Murang'a husema kwamba mahari hayaishi. Vijana wengi hulalamika wakisikia hivyo, wakidhani ni tamaa ya wakwe. Hebu tulifikiri jambo hili vizuri. Mkwe anayesema, "Nimemaliza kulipa, sidaiwi tena," amesema nini hasa? Amesema, "Kati yangu nanyi biashara imekwisha, kila mtu aende zake." Wazee walijua kwamba binti hana bei. Basi waliacha deni liendelee kidogo kidogo, mbuzi leo na blanketi mwaka ujao, ili mkwe awe na sababu ya kurudi na mlango usifungwe. Ni kweli kwamba wako wazazi walioiharibu desturi hii kwa uchoyo, nasi hatuwatetei. Lakini katika mzizi wake, deni lile lilikuwa njia iliyofunguliwa kati ya nyumba mbili.

Na ng'ambo ya mlima, kwa ndugu zetu Wameru, kuna undugu uitwao gichiaro, unaounganisha koo na koo. Watu wa gichiaro hawadhuriani, hawadanganyani, na mmoja akija na shida mwenzake haimfai kumkatalia. Hakuna anayeulizwa, "Umebakisha kiasi gani?"

Basi, baba, unaona lilipo jibu. Deni la uhai halikuwekwa lilipwe likaisha. Limewekwa ili ninyi wawili muwe ndugu kwa namna ambayo hamkuwa kabla. Kumshukuru aliyekupa hakupunguzi deni hata kwa senti moja. Kunalikiri tu, na kulikiri ndiko kunakofanya lisiwe mzigo.

Tukumbuke wale wakoma kumi katika Injili ya Luka. Wote kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu, naye alikuwa Msamaria. Je, wale tisa walirudishiwa ukoma wao? Maandiko hayasemi hivyo. Zawadi ilibaki zawadi, kwa hiyo shukrani haikuwa bei yake. Lakini yule mmoja alipata kitu ambacho wale tisa hawakupata: alionana uso kwa uso na yule aliyempa. Wale tisa walipata afya. Huyu alipata afya na Mganga mwenyewe.

Mtu atasema, "Lakini Waswahili husema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Kweli kabisa. Lakini methali hiyo anaambiwa mtenda wema. Aliyetendewa ana methali yake: fadhila ya punda ni mateke. Asije akaazima methali ya mwenzake ili kujificha nyuma yake.

Safari yenyewe

Basi mnakubaliana kwenda. Mnaamka mapema, mama amejaza kiondo chake. Mnapita Kiganjo na Naro Moru, mlima ukiwa mkono wenu wa kulia, kileleni theluji ikionekana kabla mawingu hayajapanda. Mnavuka mstari wa Ikweta karibu na Nanyuki, mnapanda hadi Timau kwenye mashamba ya ngano, mnateremka Meru mjini, na hatimaye Nkubu. Wakikuyu huuita mlima huu Kirinyaga, na Wameru Kirimara. Ninyi kwenu mnauona ukiwa kaskazini-mashariki, na shemeji akitoka mlangoni pake anauona magharibi. Mlima ni uleule.

Njiani baba anaulizauliza, "Nitasema nini nikifika?" Tunamjibu hapa.

Kwanza, usianze na hotuba ya kujieleza kwa nini umechelewa. Sema umechelewa, omba radhi, yaishe.

Pili, muulize afya yake. Wapendwa, hapa ndipo tunapokosea sana. Siku ile ya upasuaji walilazwa watu wawili. Jumuiya nzima ilikuja kukuona wewe uliyekuwa mgonjwa, na matunda yalijaa mezani. Kitanda cha pili kilikuwa na mtu aliyeingia hospitali akiwa mzima, akatoka amepasuliwa. Madaktari humwambia mtoaji asiinue vitu vizito kwa muda wa majuma kadhaa, na baada ya hapo apimwe shinikizo la damu, mkojo na damu, ikiwezekana kila mwaka, ili kuhakikisha figo iliyobaki inafanya kazi vizuri. Mwanadamu anaweza kuishi vizuri na figo moja, hilo limethibitika tangu zamani. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitolewa na Ronald Herrick kumpa pacha wake Richard, mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa mmojawapo wa wauguzi waliomtunza, wakapata watoto. Ronald aliyetoa aliishi hadi mwaka 2010. Lakini kuishi vizuri kunahitaji kutunzwa. Je, shemeji amepimwa mwaka huu? Ana nauli ya kwenda kupimwa? Haya, hicho ndicho "kitu cha maana" ulichokuwa ukikitafuta, na kinapatikana.

Tatu, mgeukie mke wake. Huyu ndiye mtoaji wa pili, na karibu hakuna anayemkumbuka. Ni nani aliyekamua ng'ombe na kuchuma chai wakati mumewe hawezi kuinua ndoo? Ni nani aliyelala macho wazi usiku ule, akiwaza kwamba asubuhi huenda akawa mjane kwa ajili ya mume wa wifi yake? Alimruhusu mumewe aende, na ruhusa ile ilimgharimu. Mama, kiondo ulichojaza kimpe huyu kwa mikono yako miwili, useme, "Wifi, asante kwa kunirudishia mume wangu." Baba naye amwambie vivyo hivyo.

Nne, mwonyeshe shemeji unavyoitunza figo yake. Aliyepandikizwa figo hana budi kumeza dawa kila siku kwa saa zake, maana bila dawa mwili huikataa figo na kuiharibu. Mtu anayeruka dawa kwa uvivu, au anayerudia ulevi, anachezea jasho la mwenziwe. Kumeza dawa ndiyo shukrani ya kwanza ya kila siku, hata siku ambazo hamuonani.

Zawadi haiuzwi

Hatuwezi kuyasema haya tukanyamazia aibu iliyotupata. Mwaka 2025 waandishi wa habari, wakiwemo wa Ujerumani, walifichua jinsi vijana wa Kenya walivyokuwa wakishawishiwa kuuza figo zao, na wagonjwa matajiri kutoka nchi za nje, Wajerumani wakiwemo, wakija kupandikizwa hapa kwetu. Mawakala walipata fedha nyingi, vijana wakapata kidogo. Serikali ilisimamisha upandikizaji katika hospitali iliyohusishwa na habari hizo na kuunda kamati ya kuchunguza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza mtu kutoza ada kwa ajili ya kiungo cha mwanadamu.

Mlinganishe kijana yule na shemeji wa Nkubu. Kovu ni moja, mahali pamoja. Lakini kijana yule hakuna gari litakaloingia uani kwake. Aliyeichukua figo yake hajui jina lake na hataki kulijua, kwa sababu amelipa, na aliyelipa anaona hadaiwi. Ndivyo ilivyo: bei inakata undugu. Kijana amepata fedha za pikipiki. Akiugua miaka kumi ijayo, atamwita nani?

Kanisa limefundisha jambo hili waziwazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya Injili ya Uhai ya mwaka 1995, alikuhesabu kutoa viungo kwa njia iliyo halali kuwa miongoni mwa matendo ya ushujaa wa kila siku. Na mwezi Agosti mwaka 2000, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji huko Roma, aliwaambia kwamba kukifanya kiungo cha mtu kuwa kitu cha biashara ni kumvunjia mwanadamu heshima yake. Katekisimu nayo inafundisha kwamba utoaji ni mwema ikiwa hatari kwa mtoaji inalingana na faida inayotazamiwa kwa mpokeaji, na kwamba haukubaliki bila ridhaa ya mtoaji mwenyewe.

Je, mume anaweza kutoa bila kumwambia mkewe?

Hilo neno ridhaa linatuingiza ndani ya nyumba zenu. Tuseme ni wewe, baba, unayeombwa figo na ndugu yako. Je, mwili ni wako peke yako? Mtakatifu Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, wala mke juu ya wake. Alikuwa akizungumzia jambo jingine la ndoa, lakini mzizi ni ule ule: mliacha kuwa wawili.

Kwa hiyo tunasema, kutoa kwa siri ni kosa, hata kama zawadi ni njema. Mke atakayejua kutoka kwa jirani kwamba mumewe amelazwa kwa upasuaji ameumizwa, na jeraha hilo halina daktari. Ketini, zungumzeni, nendeni pamoja kwa daktari, muulize kila mnaloliogopa. Mama, una haki ya kuogopa na kusema wazi kwamba unaogopa. Una haki pia ya kuuliza nani atawalisha watoto katika wiki zile. Lakini usikatae kwa sababu tu mgonjwa ni wa ukoo wa mume. Leo ni ndugu yake, kesho huenda akawa kaka yako.

Na kuna kosa la upande wa pili. Mume anapougua, ndugu zake humtazama mkewe na kusema, "Mke mwema angetoa." Hayo ni mashurutisho. Figo iliyotolewa kwa kuogopa maneno ya wakwe haikutolewa, imenyang'anywa. Mume mwenye upendo ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusimama kitandani pake na kuwaambia, "Mwacheni aamue mwenyewe. Akikataa, nitampenda vilevile." Ni neno gumu kwa mtu anayetaka kuishi. Lakini bila neno hilo, zawadi ya mkewe haiwezi kuwa zawadi.

Mkeo akikupa, au mumeo akikupa, basi kuna onyo moja la mwisho. Siku moja mtagombana, maana mmeoana. Itakuja hasira, na ulimi utataka kusema, "Wewe, na figo yangu tumboni mwako, unanijibu hivyo?" Ulume ulimi huo mpaka utoke damu. Neno hilo likitoka mara moja, mpokeaji hatalisahau, na tangu siku hiyo atakuwa mpangaji ndani ya mwili wake mwenyewe. Naye mpokeaji asiseme, "Sikukuomba." Maneno hayo mawili yamekatazwa katika nyumba ya Wakristo.

Lakini tusiseme hayo ni ya wenye figo tu. Kila mke aliyejifungua alikwenda mahali ambapo wengine hawakurudi. Kila mume aliyetoa nguvu zake migodini, barabarani au shambani ametoa mwili wake kidogo kidogo. Nani amewahi kufunga safari ya kumshukuru mtu anayelala naye kitanda kimoja? Tunaahirisha, tunangoja kitu cha maana.

Ikiwa aliyekupa hajulikani

Wengine watasema, "Mimi niliongezewa damu nilipojifungua. Nitamshukuru nani?" Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya mambo yanayoua mama wengi zaidi katika nchi yetu, na mama anayepona kwa kuongezewa chupa mbili au tatu anapewa damu ya watu ambao hatawaona kamwe. Huenda mmoja ni mwanafunzi wa sekondari wa Chuka, mwingine mchuuzi wa Karatina.

Hapa kuna kisa cha mume na mke wa Ujerumani. Mama mmoja, Mechtild Harf, aliugua saratani ya damu, akahitaji uboho wa mtu anayelingana naye. Wakati huo waliojiandikisha kutoa uboho katika nchi nzima walikuwa elfu chache tu. Mumewe, Peter, pamoja na daktari wake, walianzisha shirika la kuwaandikisha watoaji, na katika muda wa mwaka mmoja walipatikana makumi ya maelfu. Mechtild alifariki mwaka 1991. Mume angeweza kufunga ofisi, lakini hakufanya hivyo. Shirika lile linaitwa DKMS, na tangu hapo limeandikisha mamilioni ya watu. Huko Ujerumani mtoaji na mpokeaji hufichwa majina kwa miaka miwili, kisha wakikubali wote wawili huruhusiwa kuonana. Watu husafiri nchi nzima kwa gari ili kuushika mkono wa mtu mmoja. Wagonjwa wenye asili ya Kiafrika, kwa upande wao, hupata shida kuliko wengine kumpata anayelingana nao, kwa sababu Waafrika waliojiandikisha bado ni wachache.

Kwa hiyo ukishindwa kumrudishia aliyekupa, mpe mwingine. Nasi watu wa Nyeri tunaye shahidi wa jambo hilo. Sista Irene Stefani wa Wakonsolata aliwahudumia watu wa Gikondi kwa miaka kumi, akafa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa akimuuguza mgonjwa. Watu hawakuwa na kitu cha kumlipa, naye alikuwa amekwisha kwenda. Walikuwa wamempa jina, Nyaatha, yaani mwenye huruma, na jina hilo wakawaachia watoto na wajukuu. Alipotangazwa mwenye heri mjini Nyeri, tarehe 23 Mei 2015, lilikuwa ndilo jina lililokuwa midomoni mwa umati. Karibu miaka themanini na mitano, na deni lilikuwa bado linakumbukwa.

Kurudi nyumbani

Turudi kwa wasafiri wetu. Mmekula, mmecheka, shemeji ameinua shati mkalinganisha makovu, watoto wakakimbia kwa woga na kurudi kuchungulia. Kesho yake mnarudi kwa barabara ya upande wa pili: Chogoria, Chuka, Embu. Pale Embu kuna kituo cha damu cha mkoa huu wa mlima. Baba, wewe uliyepandikizwa huwezi kutoa damu tena. Lakini mama, ukiwa na afya njema, umri usiozidi miaka 65 na uzito usiopungua kilo 50, unaweza. Damu hiyo ni kama nusu lita, na kazi haizidi saa moja pamoja na chai. Baba atakushikia kiondo nje. Kwa mara ya kwanza tangu augue, yeye ndiye atakayekaa kwenye benchi akimngoja mwingine. Ni vizuri akae hapo.

Kisha Kutus, Sagana, Karatina, nyumbani. Deni halijapungua hata kidogo, nanyi mmerudi na ndugu.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Ni nani aliyetuokoa katika shida kubwa, ambaye tumeahirisha kwenda kumwona? Tutakwenda tarehe gani?

2. Tulipomshukuru, je, tulimkumbuka mke wake au mume wake?

3. Je, kuna wema niliokutendea ambao nimewahi kuutumia kama fimbo wakati wa ugomvi? Nisamehe.

4. Mmoja wetu akiombwa kutoa damu au kiungo, tutaamuaje pamoja bila siri na bila kushurutishana?

Zungumzeni jioni, watoto wakiisha kulala. Mungu azibariki nyumba zenu.